Mtoano wa Ligi ya Mabingwa Asia: kumalizia nyumbani ni faida kweli au tunadanganyana?

#1 Mzani_wa_Kati
Wakuu, salamu. Tangu Al-Ahli ya Saudia ibebe kombe pale Jeddah Mei 3, 2025 kwa kuichapa Kawasaki Frontale 2-0 (Galeno na Kessié), kila kijiwe kinarudia wimbo mmoja: kwenye mtoano wa Asia, anayemalizia kwake ndiye anayevuka. Mimi nasema hoja hiyo haina miguu.

Chukueni fainali zote za mikondo miwili (mechi mbili, kila timu kwake mara moja) tangu mashindano yapewe sura ya Ligi ya Mabingwa msimu wa 2002-03. Ziko 15.

Waliocheza marudiano nyumbani wakabeba: Al-Ittihad 2005, Urawa 2007, Guangzhou Evergrande 2013 na 2015, Urawa tena 2017 na 2022, Al Ain 2024. Saba.

Waliocheza marudiano ugenini wakabeba: Al Ain 2003, Al-Ittihad 2004, Jeonbuk 2006, Gamba Osaka 2008, Western Sydney 2014, Jeonbuk 2016, Kashima 2018, Al-Hilal 2019. Nane.

Saba kwa nane. Hiyo ni sarafu ya kurusha juu. Na hiyo ya Al-Ittihad 2004 ndiyo kiboko: walifungwa 3-1 na Seongnam hapo hapo Jeddah, watu wakawazika, wakaenda Korea wakashinda 5-0. Anayeamini marudiano nyumbani aje na namba.

#2 Kwamtogole_Juu
Mkuu, fainali ni mnyama mwingine. Shuka chini kwenye 16 bora ya Machi 2025 uone. Al-Hilal kapigwa 1-0 Tashkent na Pakhtakor, karudi Riyadh kashinda 4-0. Kawasaki kapigwa 1-0 Shanghai na Shenhua, karudi kwake 4-0. Gwangju kafungwa 2-0 Kobe, karudi Korea kapiga 3-0 baada ya dakika 120, Asani akimaliza kazi mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza. Timu tatu kati ya nane zimepindua meza nyumbani. Utaniambia ni sarafu?

#3 Mwl_Takwimu
Nakazia namba za #2 lakini napinga zinavyosomwa.

Kwenye 16 bora, nani anamalizia nyumbani? Si bahati nasibu. Ni aliyemaliza juu kwenye msimamo wa hatua ya ligi wa upande wake, Mashariki au Magharibi ya Asia: wa kwanza anakutana na wa nane, wa pili na wa saba, wa tatu na wa sita, wa nne na wa tano, na aliye juu ndiye anapewa marudiano. Al-Hilal aliongoza Magharibi, Pakhtakor alikuwa wa nane. Kawasaki wa pili Mashariki, Shenhua wa saba. Ukiona mwenye marudiano nyumbani anavuka, hujui kama kavushwa na uwanja au kavushwa na ubora aliokuja nao. Vitu viwili vimefungwa kwenye gunia moja.

Fainali za zamani ni kipimo safi zaidi kwa sababu zamu ya marudiano haikutazama nani bora, na kwa miaka kadhaa iligawanywa kwa kupokezana kati ya Mashariki na Magharibi. Tazameni 2015 hadi 2019: Guangzhou, Al Ain, Saitama, Tehran, Saitama. Kwa hiyo mleta uzi kachagua sampuli nzuri, hata kama ni ndogo.

Na kwenye hiyo 16 bora msisahau Buriram. Alikuwa wa sita, kaenda sare 0-0 na Johor kwake Thailand, kisha kaenda Johor kushinda 1-0.

#4 NyaliKwetu
Haya basi, mnabishania maiti. Kuanzia robo fainali marudiano hayapo tena! Mechi moja tu, na timu zote nane zinakusanywa Jeddah. Kama ni nyumbani, basi nyumbani ni kwa Msaudi peke yake. Al-Ahli ni timu ya Jeddah, kacheza robo, nusu na fainali bila kupanda ndege. Hapo unataka hesabu gani?

Halafu Guangzhou 2013 muitoe kwenye hiyo orodha, ile ilikwenda matuta (mikwaju ya penalti).

#5 Bi_Mshale
Hapana #4. Guangzhou 2013 haikwenda matuta. Mkondo wa kwanza Seoul 2-2, wa pili Guangzhou 1-1, jumla 3-3, timu ya kocha Lippi ikabeba kwa bao la ugenini, yaani jumla ikilingana anavuka mwenye mabao mengi ugenini. Fainali iliyoamuliwa kwa matuta ni ya 2011: Al-Sadd na Jeonbuk, 2-2, kisha 4-2. Na hiyo ilikuwa mechi moja, ikachezwa Jeonju, nyumbani kwa Jeonbuk. Mwenyeji akalala kwake.

Tukiwa hapo kwenye mabao ya ugenini: kanuni hiyo Asia waliifuta kuanzia msimu wa 2023-24. Asiyeamini arudi robo fainali ya Al Ain na Al-Nassr, Machi 2024. Al Ain kashinda 1-0 kwake. Riyadh dakika 90 zikaisha Al-Nassr 3, Al Ain 2. Jumla 3-3, Al Ain ana mabao mawili ya ugenini, mwenzake hana hata moja. Kwa sheria ya kale mwamuzi angepuliza na Al Ain wangeanza kushangilia. Badala yake wakaongezwa 30, Al Ain wakafunga tena, Ronaldo akasawazisha jumla kwa penalti dakika za mwisho, ikaisha 4-3, jumla 4-4. Matuta: Al Ain 3-1. Brozović, Telles na Otávio wote wakakosa. Aliyefunga upande wa Al-Nassr ni Ronaldo pekee.

#6 Jangwani_Mpaka_Kufa
Hii kanuni ingefutwa na Afrika pia Yanga leo ana kombe kabatini. Fainali ya Shirikisho 2023 tulifungwa 2-1 Dar, tukashinda 1-0 Algiers, jumla 2-2, USM Alger wakachukua kwa bao la ugenini. Inauma mpaka kesho.

#7 Msimbazi_Original
#6 isingekupa kombe, ingekupa matuta palepale Algiers na ule moshi wote. Kaa kwa kutulia.

#8 Kocha_wa_Benchi
#7 kasema kwa utani lakini kagusa kiini, na hapa ndipo namba za mleta uzi zinavuja.

Zamani mechi ya kwanza nyumbani kocha aliicheza hivi: lengo namba moja usifungwe, namba mbili ndiyo ufunge. 0-0 nyumbani ilikuwa matokeo yanayobebeka, kwa sababu 1-1 ya ugenini ingekuvusha. 1-1 nyumbani ilikuwa sumu. Mabeki wa pembeni hawakupanda wote wawili kwa pamoja. Kiungo mkabaji alibaki mbele ya mabeki wa kati hata kwenye kona. Timu iliyoanza nyumbani ikishinda 1-0 safi ilikuwa na mtaji mkubwa kuliko inavyoonekana: bao moja tu la ugenini kwenye marudiano lingemlazimisha mwenyeji afunge matatu. Western Sydney walifanya hivyo hivyo 2014, 1-0 kwao, kisha 0-0 Riyadh, kipa Covic akizuia kila kitu. Kashima 2018 wameanza na 2-0, wakaenda Azadi, Tehran, kutafuta 0-0 na wakaipata.

Bao la ugenini lilipofutwa, mtaji huo umeyeyuka. Sasa jumla ikilingana zinaongezwa dakika 30, na zinachezwa kwenye uwanja wa mkondo wa pili. Anayemalizia nyumbani anacheza 120 kwake dhidi ya 90 za mwenzake. Kwa hiyo faida ya marudiano, kama ipo, imeongezeka 2023-24, na fainali 14 kati ya 15 za mleta uzi ni za kabla ya hapo. Ile moja iliyobaki? Marinos 2-1 Yokohama, Al Ain 5-1 kwake. Aliyemalizia nyumbani.

#9 Mzani_wa_Kati
Umenibana vizuri #8, lakini kaza kamba uone: katika hizo 15, ni fainali ngapi zililingana jumla? Moja tu, ya 2013. Kumi na nne nyingine ziliamuliwa kwa tofauti ya mabao, kwa hiyo kanuni yenyewe haikufikia kuitwa.

#10 Kocha_wa_Benchi
Kanuni haikuitwa, lakini ilikuwa kichwani mwa makocha tangu dakika ya kwanza. Mtu anayejua kuna mbwa uani hapiti njia ileile, hata kama mbwa hajabweka.

Na hiyo 5-1 ya Al Ain isikudanganye. Dakika ya 90 ilikuwa 3-1, jumla 4-3, Marinos wako kumi tangu mwisho wa kipindi cha kwanza baada ya kipa wao Popp kula nyekundu. Walikuwa bao moja kutoka muda wa nyongeza. Wakafunguka, Laba akawaadhibu mara mbili kwenye dakika za majeruhi. Ukiondoa kadi ile sijui tungesema nini leo.

#11 Fundi_Saa
Nyote mnazunguka uwanja mkiacha saa. Japani na Korea wako saa sita mbele ya Jeddah. Mechi ikianza saa 1:30 usiku Jeddah, mwili wa mchezaji wa Kawasaki unasoma saa 7:30 usiku. Muda ambao joto la mwili linashuka, homoni za usingizi ziko juu, na misuli inachelewa kuitikia. Kipimo cha kawaida cha madaktari wa michezo ni takriban siku moja kwa kila saa ya tofauti ili mwili ukae sawa. Kwenda magharibi ni rahisi kidogo kuliko kwenda mashariki. Ukifika siku tatu kabla ya robo fainali umefika nusu ya safari tu.

Nini hufanyika kwa timu inayojua kazi yake: siku kadhaa kabla ya kupanda ndege mazoezi yanasogezwa jioni, kisha usiku. Kulala na kula vinasogezwa mbele saa moja moja kila siku. Wakifika, jua la jioni wanaota nje, la asubuhi mapema sana wanalikwepa, kwa sababu mwanga wa wakati usiofaa unaurudisha mwili nyuma. Anayekosea hapo utamwona dakika ya 65: hapotezi mbio, anapoteza maamuzi. Pasi inatoka nusu sekunde baadaye.

#12 Mtaa_wa_Pili
Subiri #11, saa 1:30 usiku ndiyo saa ngapi? Huku Ulaya 1:30 usiku watu wamelala. Mechi walicheza alfajiri?

#13 Bi_Mshale
Umekaa sana huko mjomba. Saa 1:30 usiku ni 19:30 ya simu yako. Jeddah na Dar saa ni moja. Tokyo inakuwa 01:30 ya simu, yaani saa 7:30 usiku ya mama yako.

#14 Mtaa_wa_Pili
😂 Sawa, nimeelewa.

#15 Mwl_Takwimu
Nadharia ya saa ni nzuri lakini inahitaji kueleza matokeo yote, si yale inayoyapenda. Robo fainali za 2025 zote zilikuwa Magharibi dhidi ya Mashariki:

Aprili 25: Al-Hilal 7-0 Gwangju
Aprili 26: Al-Ahli 3-0 Buriram, Al-Nassr 4-1 Marinos
Aprili 27: Kawasaki 3-2 Al-Sadd, dakika 120

Kawasaki wametoka saa zilezile za Gwangju na Marinos. Wakamtoa Al-Sadd wa Doha, ambayo saa yake ni moja na Jeddah. Siku tatu baadaye wakamtoa Al-Nassr 3-2. Wamelala usingizi gani hao?

Na tukienda kwenye mapumziko: Nusu ya kwanza, Aprili 29, Al-Hilal alikuwa na siku tatu kamili za kupumzika, Al-Ahli mbili. Akashinda Al-Ahli 3-1. Nusu ya pili, Aprili 30, Al-Nassr tatu, Kawasaki mbili, tena wakiwa na 120 miguuni. Akashinda Kawasaki. Fainali, Mei 3: Al-Ahli tatu, Kawasaki mbili. Hapo ndipo aliyepumzika akashinda. Mara mbili kati ya tatu aliyechoka zaidi amevuka.

#16 Fundi_Saa
Uchovu si balbu ya kuwasha na kuzima, unalimbikizwa. Jumlisha: Kawasaki dakika 300 ndani ya siku saba. Al-Ahli 270 ndani ya nane. Nusu fainali ya Al-Nassr waliibeba kwa nguvu ya akiba, fainali akiba imekwisha. Mabao yote mawili ya Al-Ahli yameingia kabla ya mapumziko, dakika ya 35 na ya 42. Kuhusu siku tatu kwa mbili, hakuna kocha atakayekuambia siku moja si kitu: siku ya kwanza baada ya mechi ni ya kujinyoosha na maji ya baridi, ya pili mazoezi mepesi, ya tatu ndiyo unafundisha mbinu. Mwenye mbili anakosa hiyo ya mbinu. Anakwenda fainali akiwa na video tu.

#17 Kwamtogole_Juu
Gwangju walipigwa wiki nzima, kila siku na mfungaji wake. Saba bila, wafungaji saba tofauti. Hiyo si saa wala jua. Hiyo ni pesa.

#18 Mhasibu_Ilala
Karibu kwenye ukweli #17. Juni 2023 mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudia ulichukua asilimia 75 ya klabu nne: Al-Hilal, Al-Nassr, Al-Ittihad na Al-Ahli. Al-Ahli huyo huyo alikuwa ameshuka daraja 2022, akarudi 2023. Miaka miwili baadaye ni bingwa wa bara akiwa na Mendy golini, Kessié katikati, Mahrez, Firmino na Toney mbele. Ongeza kwamba kuanzia 2024-25 mashindano haya yaliondoa kabisa kikomo cha wageni. Msimu wa nyuma yake kilikuwa watano na mmoja wa Asia, na kabla ya hapo watatu na mmoja. Zamani ungekuwa na mastaa kumi lakini unawaingiza wanne. Sasa unaingiza unaotaka.

Kitu ambacho watu hawakitaji ni dirisha la Januari. Hatua ya ligi inaanza Septemba inaisha Februari, mtoano Machi. Katikati unasajili upya. Galeno kaja Al-Ahli kutoka Porto Januari 2025, akafunga bao la kwanza la fainali. Durán kaja Al-Nassr kutoka Aston Villa Januari hiyohiyo, akawafunga Marinos mawili kwenye robo. Mtoano wa Asia si muendelezo wa makundi. Ni mashindano mapya yenye vikosi vipya, na mwenye mfuko ndiye anayevisuka upya vizuri.

#19 NyaliKwetu
Sasa #18 niambie Al Ain 2024 alikuwa na mfuko gani kuwatoa Al-Nassr robo na Al-Hilal nusu, mmoja baada ya mwingine. Al-Hilal alikuwa kwenye mbio za ushindi 34 mfululizo! Rahimi akapiga hat triki, 4-2 kule Al Ain, mechi yenyewe ikiwa imesogezwa siku moja kwa mvua ile iliyofurika Emirates. Marudiano Riyadh 2-1, Hilal nje kwa 5-4. Rahimi akamaliza na mabao 13.

#20 Mhasibu_Ilala
Na msimu uliofuata Al Ain huyo huyo akamaliza wa mwisho Magharibi akiwa na pointi mbili, hakushinda hata mechi moja, kocha Crespo akafukuzwa Novemba. Bingwa wa mwezi mmoja yupo kila mahali.

#21 Bi_Mshale
Bingwa wa mwezi mmoja ndiyo maana ya mtoano, #20. Ungetaka mwenye pesa abebe kila mara ungecheza ligi ya mizunguko 34.

#22 Saitama_Kwa_Mbali
Nikae upande wa Mashariki kidogo, maana mnaongea kana kwamba wao ni wageni waalikwa tu.

Kalenda ndiyo inayowaua. Ligi ya Korea inaanza Februari inaisha Desemba, na ya Japani ilikuwa hivyo hivyo mpaka 2025. Mashindano tangu 2023-24 yanaanza Septemba yanaisha mwaka unaofuata. Maana yake timu ya Mashariki inapita hatua ya ligi na kikosi kimoja, Desemba mikataba inaisha, watu wanauzwa, kocha anaondoka, na Machi inaingia mtoano ikiwa na mechi chache tu miguuni kwa sababu ligi yake imeanza katikati ya Februari. Kawasaki walipata nafasi kwa Kombe la Mfalme la Japani la 2023, wakacheza sehemu kubwa ya hatua ya ligi na kocha Oniki, wakaingia mtoano na kocha Hasebe. Marinos walimfukuza kocha Steve Holland Aprili 18, 2025, siku nane kabla ya robo fainali, wakiwa wanaburuza mkia kwenye ligi yao. Halafu mnauliza mbona wamefungwa nne.

Mfano mkali kuliko wote ni Urawa wa 2022. Walimaliza nusu fainali ya Mashariki Agosti 25, 2022, 2-2 na Jeonbuk na matuta. Magharibi wakacheza mtoano wao Februari 2023. Fainali Aprili 29 na Mei 6, 2023. Miezi minane! Kocha aliyewafikisha, Ricardo Rodríguez, alishaondoka. Fainali akaisimamia Skorża.

#23 Mwl_Takwimu
Na Urawa huyo wa miezi minane akamlaza Al-Hilal kwa 1-1 na 1-0. Al-Hilal aliyekuwa ametoka kumpiga Al-Duhail 7-0 kwenye nusu, Ighalo akifunga manne, na ametoka kucheza fainali ya klabu bingwa ya dunia na Real Madrid. #22 umeleta mfano unaoivunja hoja yako mwenyewe.

#24 Saitama_Kwa_Mbali
Hauivunji, unaionyesha upande wa pili. Kusubiri kule kuliwapa muda wa kujengwa upya, tena fainali ikaangukia wakati ligi yao imeshachanganya. Ingekuwa Februari wangeliwa. Na bao la Saitama Carrillo kajifunga mwenyewe, wakati Salem Al-Dawsari yuko nje kwa nyekundu aliyopewa mkondo wa kwanza. Mtoano una mambo mengi.

#25 Engineer_Fan_254
Kwa vile Al-Duhail ametajwa, naomba heshima itolewe: mfungaji bora wa mashindano 2021 ni Michael Olunga, mabao 9. Na timu yake iliishia makundi! Mpe mtu huyo mechi nne za mtoano uone.

#26 Msimbazi_Original
Mechi za mtoano alipewa #25. Si ndiyo hiyo 7-0?

#27 Engineer_Fan_254
Enyewe umenipata. Lakini straika hazuii mabao.

#28 Matrah_Mwambao
Huku Muscat tunawasoma tu. Klabu za Oman haziko kwenye kundi hili la juu, ila mkitaka mfano wa mechi moja ugenini upo: Al-Seeb 2022, fainali ya Kombe la AFC, ngazi ya pili ya bara wakati ule. Mechi moja, Kuala Lumpur, dhidi ya Kuala Lumpur City wenyewe, mbele ya mashabiki wao. Al-Seeb 3-0. Ukiiweka na Al-Sadd 2011 ya #5 unapata wenyeji wawili waliolala kwao kwenye fainali moja.

#29 NyaliKwetu
Na wenyeji waliobeba mechi moja kwao: Ulsan 2012, 3-0, na aliyefungwa ni Al-Ahli hao hao. Al-Hilal 2021 Riyadh, 2-0 na Pohang, bao la kwanza halijatimiza nusu dakika. Al-Ahli 2025 Jeddah. Kwenye ligi kubwa ni watatu kwa mmoja, mkuu #1. Sarafu gani hiyo inayoanguka upande mmoja?

#30 Mzani_wa_Kati
Mechi nne si takwimu, ni hadithi za jioni. Lakini nakubali kitu kimoja: mechi moja kwa mwenyeji na marudiano kwa mwenyeji si swali moja, na mimi nimeyachanganya kwenye kichwa cha uzi. Mechi moja haina pa kusahihisha. Al-Hilal 2025 alipokuwa kumi baada ya Koulibaly kutolewa, akiwa nyuma 2-1, zamani angesema tutamalizia kwetu wiki ijayo. Jeddah hakuna wiki ijayo. Dakika za mwisho Al-Buraikan wa Al-Ahli akaweka la tatu, na kocha wa Al-Hilal, Jorge Jesus, akaondoka siku chache baadaye.

#31 Kocha_wa_Benchi
Hapo ndipo pa kukaa. Mechi moja inabadilisha hata namna ya kutumia benchi. Una mabadiliko matano, na la sita likija muda wa nyongeza. Kwenye mikondo miwili unaweza kumtoa nyota dakika ya 60 ukimlinda kwa marudiano. Kwenye mechi moja ukimtoa na ikaenda 120, umekwisha. Wengi wanabaki na mawili mpaka dakika ya 80 kwa hofu hiyo, na ndani ya hizo dakika 20 za kusubiri ndipo wanapofungwa, kwa sababu winga aliyechoka harudi kukaba.

#32 Mwl_Takwimu
Kitu kingine cha kusahihisha kabla uzi haujahama: tunasema msimamo wa Mashariki 2025 kana kwamba ulitokana na mpira tu. Shandong Taishan walijitoa Februari kabla ya mechi yao ya mwisho na Ulsan, na matokeo yao yote yakafutwa. Waliowafunga wakapoteza pointi zao, waliofungwa nao wakapona. Kwa hiyo nani kamaliza juu ya nani, na nani kapewa marudiano nyumbani, kwa sehemu kumeamuliwa mezani. Ukipima faida ya uwanja kwa msimu huo, Mashariki iweke pembeni.

#33 Kwamtogole_Juu
Yaani mimi nimeleta mifano mitatu kwenye #2, sasa miwili imewekwa pembeni. Nimebaki na Al-Hilal peke yake.

#34 Bi_Mshale
Shukuru umebaki na mwenye pesa.

#35 Fundi_Saa
Kabla hamjalala: muundo mpya umerudisha jambo ambalo tangu 2014 lilikuwa haliwezekani. Mashariki na Magharibi walikuwa hawakutani mpaka fainali, kwa hiyo nchi moja haikuweza kutoa timu zote mbili za fainali. Sasa wanachanganywa robo. 2025 tulikuwa na Wasaudi watatu kati ya timu nne za nusu fainali. Aliyeizuia fainali ya Saudia kwa Saudia ni Kawasaki, timu iliyochoka kuliko wote. Fainali za 2026 nazo zilipangiwa Jeddah. Nani angeweka dau kwamba atapatikana Kawasaki mwingine?

#36 Jangwani_Mpaka_Kufa
Mimi bado niko Algiers.